Isale Lililokwenda Uholanzi

Kijiwe cha Pampu kiko Pasua, kando ya barabara inayoteremka kwenda Mabogini, mbele ya banda ambalo Primus anafufulia pampu za maji za wakulima wa mpunga. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa zamani, kimechomelewa miguu ya bomba, na anayewahi ndiye hukalia upande ambao springi hazijatoboa. Mzee mmoja, jina lake Zaidi, aliyeendesha malori ya kuvuka mpaka wa Holili hadi macho yalipomgomea, anaitwa Forodha, kwa sababu hakuna jambo la mpakani asilolijua, na lile asilolijua analisema vilevile. Anwar, fundi cherehani wa kibaraza cha pili, ni Sindano. Mzee Elisaria wa Marangu, ambaye kila Jumamosi huteremka mjini kwa shughuli ya nusu saa na kuondoka jua likizama, wanamwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga. Kahawa ni ya Shakiru, chungu, na birika lake haliondoki hapo mpaka ubishi uishe au kahawa iishe, chochote kitakachotangulia.

Jumamosi hiyo Primus, ambaye hapo kijiweni ni Pampu na si jina lingine, alikuwa na wiki moja tangu arudi kutoka Uholanzi. Alikwenda na mkewe Flavia na watoto wao wawili, Denis wa darasa la tano na Violet wa darasa la kwanza, kumtembelea kaka yake Ronald anayeishi huko. Kijiwe kilishaamua kwamba picha za safari ni mali ya umma. Akatoa simu, akaifuta kwenye suruali, na vichwa vikasongamana juu ya kioo chenye ufa. Alitegemea picha zimpumzishe moyo kidogo, maana kesho yake alikuwa apande Kirua Vunjo kwa mama yake, na hiyo kesho ilikuwa inamtisha.

— Hapa watoto wanagonga mlango wa nani? — aliuliza Sindano.

— Wa jirani. Wanakwenda kumwambia ng'ombe wake wametoroka.

— Kwani walitoroka?

— Wako malishoni, aisee. Sasa Violet ng'ombe anayemjua ni wa bibi yake, yuko bandani, anakatiwa majani, hatoki. Kuona kundi zima liko nje na mtu hayupo, akaangua kilio. Wakashikana mikono na kaka yake, wakaenda kumwokoa jirani.

— Na jirani akawafukuza.

— Akawashukuru. Akavaa mabuti, akatoka nao, akawahesabu ng'ombe mmoja mmoja mpaka mtoto akaridhika.

Meku alitikisa kichwa kwa uzito.

— Mtoto yuko sahihi. Ng'ombe wa kuzurura anatoa maziwa ya maji.

— Uholanzi, Meku? — Forodha alimgeukia. — Wale maziwa ndiyo kazi yao.

— Basi wanakunywa maji na hawajui.

Picha iliyofuata ilikuwa ya Denis mbele ya sahani, ameukunja uso kama aliyepewa dawa. Primus akaeleza kwamba Flavia alipika mtori kwa ndizi za kule dukani, ndizi zenyewe zile za kula mbivu, na sufuria nzima ikageuka uji wa sukari wenye nyama ndani. Nyingine ilikuwa ya Violet peke yake kwenye uwanda ulionyooka mpaka mwisho wa macho, ameweka kiganja juu ya nyusi.

— Anatafuta nini hapo? — aliuliza Shakiru huku anamimina.

— Mlima. Asubuhi ya kwanza alifungua pazia akauliza mlima wao wameuweka wapi. Ronald akamwambia, mwanangu, nchi hii haina mlima. Akamuuliza, sasa baba mkubwa, ukipotea unajuaje nyumbani ni upande gani?

— Akamjibu nini?

— Akalifunga pazia.

 Primus akasukuma picha haraka, na kwa haraka hiyohiyo akaangukia ile ambayo hakukusudia kuionyesha. Ilikuwa imepigwa kwa chini, kama kwa kuiba: mtu mwenye sare, glavu za bluu mikononi, ameshika kitu cha kijani.

— Rudisha, — alisema Forodha.

— Hiyo Denis alipiga tu, haina maana.

— Pampu, rudisha. Huyo ni forodha. Mimi namjua forodha hata akivaa kanzu. Ameshika nini?

Meku alikwisha kuisogeza simu puani kwake.

— Isale, — alisema. — Tena limefungwa fundo.

 Forodha na Sindano ni watoto wa mjini, wa swala na pilau, lakini huwezi kukulia Moshi usijue isale. Ni lile jani refu linalopandwa kule juu mipakani mwa mashamba na makaburini, ambalo mtu aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kulikataa ni jambo ambalo watu wanaogopa hata kulitaja.

Ikabidi Primus aseme. Miaka mingi nyuma Ronald alimleta mke wake wa Kizungu Kirua kumtambulisha. Wageni wamejaa uani, ndizi ziko jikoni, mama yao Zita akasimama akasema mbele ya watu wote kwamba watoto wa mwanamke yule hawatakuwa na sehemu kwenye kihamba kile, shamba la ukoo. Ronald akamshika mkewe mkono, wakateremka kabla chakula hakijapakuliwa. Hakukanyaga tena. Hata baba yao alipozikwa hakuja. Mwaka huu alipowatumia tiketi kina Primus, mama alikwenda mwenyewe mpakani mwa shamba, akakata isale, akalifunga, akalikunja kwenye gazeti. Akamwambia Primus: mpe mkononi, usiongeze neno, ataelewa.

— Ukaliweka wapi? — aliuliza Forodha kwa sauti ya mtu aliye kazini.

— Kwenye begi la Violet. Kati ya penseli za rangi na mwanasesere.

— La mtoto? Kwa nini?

— Nilijua begi la mtoto hawalipekui.

Forodha alifumba macho kama anayeumwa jino.

— Miaka yote hii tumekaa benchi moja. Ungeniuliza tu, Pampu.

— Na kweli hawakulipekua. Yule afisa aliuliza kwa ujumla, kuna mtu ana mmea, mbegu, au nyama? Mimi kimya. Flavia kimya. Denis akaangalia viatu vyake. Violet akanyoosha kidole, kama yuko darasani.

Sindano alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini.

— Akasema kwa Kiingereza chake cha shule kwamba yeye ana jani la samahani. Afisa akamuuliza, samahani ya nani? Akamwambia, bibi alimsema vibaya mke wa baba mkubwa mbele ya wageni. Akamsimulia yote, aisee, foleni nzima inasikiliza.

— Aliyajua wapi?

— Flavia na dada zake wakiwa jikoni wanasahau kwamba mtoto ana masikio.

— Na afisa?

— Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia pole sana, lakini jani haliingii. Akavaa glavu.

— Basi kazi imeishia hapo, — alisema Meku.

— Ingeishia hapo nisingekuwa na shida. Tumefika kwa Ronald, sebuleni, pembeni ya TV, kuna chungu kikubwa, na ndani ya chungu kuna isale. Refu kunishinda mimi. Wao kwao ni ua. Shemeji alilinunua dukani. Violet hajavua hata koti, akauliza, baba, hapa amezikwa nani?

Hapo hata Meku alicheka, ingawa alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi.

— Tukakaa. Likizo yote tuliongea magari, baridi, mpira, bei ya viazi. Habari ya Mama hakuna aliyeigusa. Siku ya mwisho tuko mezani, Violet akashuka kwenye kiti, akaenda kwenye kile chungu, akachuma jani, akalifunga fundo, fundo lenyewe limekaa upande. Akampelekea baba yake mkubwa kwa mikono miwili. Akamwambia, la Bibi lilichukuliwa uwanja wa ndege, hili ni badala yake.

Forodha aliweka kikombe chini.

— Akalipokea?

— Akalipokea. Akasimama, akatoka nje kwenye banda la baiskeli. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi akauliza nani anaongezewa chai.

— Halafu?

— Basi. Shemeji akamuuliza Flavia kwa nini mtoto anachuma maua yake. Asubuhi tukapanda ndege.

— Na Mama Zita umemwambiaje?

— Nampiga chenga wiki nzima. Mara mtandao, mara pampu ya mtu wa Mabogini, mara nitakuja na picha. Kesho baada ya misa niko kwake, na ataniuliza swali moja tu. Limefika au halijafika? Mimi mwenyewe sijui.

Ukitaka kukipa kijiwe uhai, kipe swali la namna hiyo. Meku alisogea mbele mpaka kiti kikalia.

— Halijafika. Isale linatoka kihambani. Limekua kwenye udongo wa ukoo, limesikia mambo ya ukoo. La dukani ni mboga.

— Meku, na heshima zako zote, jani ni jani, — alisema Sindano. — Mimi nikikushonea suti kwa kitambaa cha Uchina, utasema umeshonewa Uchina? Fundo kafunga nani? Mjukuu wa Zita. Basi ni la Zita.

— Mizizi yake iko kwenye chungu. Haigusi ardhi. Litasikiaje?

— Kwani la kihambani lina masikio?

— Wewe kaa na cherehani yako.

Forodha alinyanyua mkono, kama anayesimamisha gari.

— Nyinyi mnahangaika na la pili, la kwanza mmelisahau. Isale halali la Mama Zita, lililokatwa mpakani, lenye fundo lake, lilipokewa na nani? Na yule afisa. Alilishika kwa mkono mmoja au miwili?

— Miwili, — alisema Primus. — Lakini ana glavu.

— Glavu mbili. Amepokea. Kwa taratibu za mpakani, kitu kikipokewa kimepokewa. Kwa hiyo Mama Zita amepatana na serikali ya Uholanzi.

— Walikuwa wamegombana? — aliuliza Sindano.

— Hata kama hawakugombana. Sasa wamepatana zaidi. Na yule afisa ni ndugu. Akija kupanda mlima, ikipigwa hodi Kirua, achinjiwe mbuzi apewe kidari.

— Kidari ni cha wazee wa ukoo, — alisema Meku kwa ukali wa kweli, maana hapo palimgusa. — Hakiendi kwa mtu wa glavu.

— Mimi nawauliza kitu kingine, — alisema Sindano, na kila mtu alijua sasa safari inakuwa ndefu. — Lile la sebuleni, nani amewaambia halikutoka hapa? Wakoloni walipanda mpaka juu kule, wakachuma hiki, wakang'oa kile, wakapakia. Bibi yake lile jani alikuwa wa Kirua. Akavushwa, akazaa huko, wajukuu wakauzwa madukani. Shemeji ananunua ua kumbe ananunua ndugu. Limesimama pale pembeni ya TV miaka yote linamsubiri Ronald, hana habari.

— Kama ni hivyo lilishapata uraia, — alisema Forodha. — Haliwezi kuomba msamaha kwa niaba ya Mtanzania.

— Uraia haubadilishi ukoo.

— Unabadilisha pasipoti.

Shakiru, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka vikombe virudi, aliweka birika chini.

— Mimi naona jambo moja. Jani limetoka nyumbani kwa Ronald. Akapewa Ronald. Hapo si amejiomba msamaha mwenyewe?

Wakatazamana. Nadharia ile ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna aliyejua pa kuishikia.

— Shakiru ameharibu kabisa, — alisema Meku baada ya kuitafuna. — Kama amejiomba msamaha na amejipokea, basi ana deni la heshima kwa mama yake. Mkosaji amegeuka kuwa Ronald. Inabidi yeye sasa ndiye alete isale.

— Kutoka wapi?

— Si ana chungu sebuleni?

Wakacheka, hata mpita njia mwenye baiskeli akacheka bila kujua nini. Primus hakucheka. Forodha akamwona, akajisogeza karibu na kuishusha sauti, ila sauti ya dereva wa lori haishuki sana.

— Sikiliza, mdogo wangu. Kesho mwambie limefika, limepokewa, Ronald anasalimia sana. Mama mzee yule, mwache afurahi. Akitaka ushahidi, tunachuma jani hapo nyuma, uani kwa jirani Mama Rukia, mimi nalishika, wewe unapiga picha ya mkono tu. Mkono wa mtu mzima ni mkono wa mtu mzima.

— Akiona hiyo saa yako ya kijani atajua, — alisema Sindano.

— Naivua.

— Mimi mama yangu simdanganyi, — alisema Primus.

Alilisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kicheko kikakatika. Ilimuuma. Haukumuuma mzaha, kwa sababu kijiwe bila mzaha kinabaki kuwa kiti kibovu cha basi. Kilichomuuma ni kwamba huo uongo wa Forodha alikwisha kuufikiria mwenyewe, mpaka maneno yake, mpaka sauti atakayoitumia. Mama alimtuma yeye, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia mpe mkononi. Primus alilala nyumba moja na kaka yake usiku baada ya usiku, wakaosha vyombo pamoja, na hakufungua mdomo hata mara moja, mpaka mtoto wa darasa la kwanza akaifanya ile kazi. Na tangu arudi hakumpigia Ronald, kwa woga kwamba ataambiwa jani lilikwenda na takataka.

— Hapa hakuna hata mmoja anayejua, — aliwaambia. — Si mimi, si nyinyi.

Akalitafuta jina la Ronald akabonyeza. Spika ya sikioni ya simu ile ilikwisha kunywa maji ya pampu, ilibaki ya nje tu, kwa hiyo mlio wa kuita ukasikika benchi zima. Forodha alijifanya anatazama barabara. Simu ikaita sana. Primus alikuwa karibu kushukuru kwamba haipokewi.

— Primus? — Kiswahili chake kilikuwa bado cha Kirua, hakuna kilichobadilika. — Kuna nini? Watoto wazima?

— Wazima. Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Mbona kelele, uko wapi?

— Kijiweni.

— Aa. Haya.

Likapita lori la mchanga. Primus akangoja mlio uishe.

— Kaka, lile jani alilokupa Violet.

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa, halafu mtu akikaa.

— Ndiyo, — alisema Ronald. — Nilitaka nikupigie kuhusu hilo, nikaona aibu. Nimeliweka kwenye glasi ya maji, jikoni, dirishani. Nalibadilishia maji kila asubuhi. Ila limeanza kuwa njano huku nchani, na mimi ruhusa ya kazini naipata Desemba. Hebu niambie. Likinyauka kabla sijafika kwa Mama, bado linahesabika?

Primus aliinua uso. Forodha alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kisicho na kitu. Sindano alishika kola ya shati lake mwenyewe kana kwamba imefumuka. Meku alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu. Watu walioweza kuipatanisha Kirua na serikali ya Uholanzi kwa glavu mbili, wote walikuwa wanatafuta pa kutazama.

— Primus, uko hapo?

— Nipo.

— Nasikia una wazee hapo. Waulize.

— Wapo, kaka. Hawajui.

— Sasa nani anajua?

Primus aliisogeza simu karibu na mdomo.

— Mama ndiye anajua.

 Shakiru aliinua birika amimine, akalirudisha taratibu lisigonge.

— Nipe namba yake, — alisema Ronald. — Mimi sina.

Primus aliijua kwa kichwa. Akamtajia polepole, tarakimu mbili mbili, na Ronald akawa anaandika huku anazirudia kwa sauti. Walipofika mwisho akaomba aisome yote tena tangu mwanzo, asije akakosea.